Nimeacha karabai nikahamia taa za sola, dagaa wamenikimbia. Ni taa, ni betri au ni ziwa lenyewe?

#1 Mvuvi wa Kayenze
Mwangaluka wadau. Naombeni msaada wa mawazo maana nimechanganyikiwa. Nina mtumbwi mmoja wa dagaa hapa Kayenze, Ziwa Victoria upande wa Mwanza, miaka yote navua kwa karabai, zile taa za mafuta za kupampu, taa nne kila usiku wa giza. Karabai moja inakunywa lita moja na nusu mpaka alfajiri, kwa hiyo lita sita kwa usiku, na bei ya mafuta ya taa mnaijua wenyewe, ukitoa na petroli ya injini na hela ya vijana, tajiri unabaki na harufu ya dagaa mkononi basi. Mwaka jana wakaja watu kutupa semina pale mwaloni tunaposhushia samaki wakasema tuache karabai, zinatoa hewa ukaa, zinaharibu tabianchi, tuhamie nishati jadidifu, ile isiyoisha kama ya jua. Mimi hilo la tabianchi sikulielewa sana ila waliposema hutanunua tena mafuta ya taa hapo nikaelewa haraka sana.

Nikanunua taa nne za LED za wati 10, betri nne za volti 12 amp 20 na paneli moja ya wati 100 ya kuchajia pale kambini. Giza la kwanza, yaani zile siku za mwezi zisizo na mbalamwezi, mambo yalikuwa moto, ndoo 30 kwa usiku. Giza la pili 20. Giza lililopita nimeambulia ndoo 12, jirani yangu wa karabai ametoka na 25, tena tumevua tumeonana kabisa! Sasa vijana wangu wanasema taa za sola dagaa wanaziogopa, wanataka turudi kwenye mafuta. Wenye uzoefu nini kimenikuta?

#2 kokolo_7
Ngoja nivute kiti nikae karibu, uzi mtamu huu

#3 Mzee wa Igombe
Mvuvi wa Kayenze, nakujibu kama mzee, nimeingia ziwani 1983 nikiwa kijana mdogo. Dagaa hafuati taa bwana mdogo, dagaa anafuata chakula. Karabai ni moto, ina joto, wadudu wanaifuata kwa wingi wanaungua wanadondokea majini, dagaa anakuja kula. Hiyo taa yako ni baridi kama mkono wa maiti, mdudu anaizunguka anaondoka zake. Halafu karabai inalia shhhh usiku kucha, ule mlio unaenda kwenye maji. Nyie vijana mmeleta taa bubu mnategemea nini.

#4 BodaBuzuruga
😂😂 taa bubu. Mzee shikamoo

#5 Fundi Wati
Mzee shikamoo, kwenye wadudu sikupingi ila mleta mada kajibu swali lake mwenyewe bila kujua. Twende taratibu. Betri ya volti 12 amp 20 ina wati-saa 240 ikiwa mpya na imejaa. Hizi za asidi hutakiwi kuzinyonya zaidi ya nusu, kwa hiyo za kutumia ni 120. Taa ya wati 10 kuanzia saa moja jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni masaa 11, wati-saa 110. Umeona hapo, umepita kwenye tundu la sindano.

Sasa njoo kwenye kuchaji ndo kuna msiba. Taa nne zimekula 440. Kuzirudisha kwenye betri ya asidi unahitaji kama 550 maana nyingine inapotea njiani. Paneli ya wati 100 kwa jua zuri la Mwanza masaa matano inakupa 500, hiyo ni kwenye karatasi, ukiweka vumbi, joto, na waya mwembamba mlionunua ule wa spika, unapata 350 au 400. Kwa hiyo kila siku unarudi ziwani na deni. Usiku wa kwanza wa giza betri zimejaa kwa sababu zilipumzika mbalamwezi nzima, usiku wa kumi taa inaanza kufifia saa nane. Dagaa wanaondoka wakati ule ule unapotaka kuzungusha nyavu. Na betri ya asidi ikikaa haijajaa muda mrefu inaota chumvi ndani kwenye zile sahani zake, haishiki tena chaji kama zamani, ndo maana kila giza ni afadhali la jana.

Jibu maswali mawili: taa zinafifia saa ngapi? Na ukirudi asubuhi betri ikapumzika kidogo inasoma volti ngapi? Ikiwa chini ya 12 unaiua.

#6 Mvuvi wa Kayenze
Fundi Wati heshima kwako. Kupima sijawahi, sina mita. Kufifia ni kweli lakini vijana wanasema ni kama saa tisa tisa hivi na siku zote hata karabai mafuta yakipungua mwanga unashuka. Waya ni wa spika kweli umejuaje 😅

#7 Mama Dagaa Mwaloni
Mimi sivui ila nanunua hapo Kirumba mwaloni mwaka wa kumi na moja sasa, na niwaambie ukweli dagaa wamepungua kwa wote. Wa karabai analia, wa sola analia. Huyo jirani mwenye ndoo 25 mimi ningependa kuziona hizo ndoo, maana wavuvi mkiwa ziwani kila mtu kajaza, mkifika mwaloni mnatuambia mmekosa ili bei ipande.

#8 kokolo_7
Mama kawavua nguo 😂

#9 Mwalimu Kemia
Nimependa huu uzi. Kuna kitu cha hewa ukaa mleta mada amekipita juu juu. Lita moja ya mafuta ya taa ikiungua inatoa karibu kilo 2.5 za kaboni dayoksaidi. Wewe lita 6 kwa usiku, tuseme usiku 20 kwa mwezi, ni lita 120, yaani kilo 300 kila mwezi. Kwa mwaka tani tatu na nusu. Mtumbwi mmoja. Sasa hesabu mitumbwi unayoiona usiku ukisimama kilimani Capri Point ziwa likawaka kama mji.

#10 Sungusungu
Mwalimu usitupange. Lita ya mafuta ya taa ina uzito wa kilo 0.8, hata kilo haifiki, itatoaje kilo 2.5 za hewa? Ukipika kilo ya mchele unapata kilo tatu za nyama? Hii ndo shida ya takwimu za semina

#11 Mwalimu Kemia
Sungusungu swali zuri kuliko ulivyodhani. Ukipika kilo ya mchele unapata zaidi ya kilo mbili za wali, kwa nini? Umeongeza maji. Moto nao unaongeza, unachukua oksijeni hewani. Kila kaboni yenye uzito 12 inashika oksijeni mbili, 16 na 16, jumla 44. Kwa hiyo kilo 0.8 ya mafuta ina kaboni kama kilo 0.7 hivi, zidisha kwa 44 gawa kwa 12 utaipata hiyo 2.5. Petroli ni kama 2.3 kwa lita, dizeli karibu 2.7.

#12 Sungusungu
Hapo kwenye wali nimekuelewa. Ila bado nina lingine. Mtanzania mmoja kwa wastani anatoa kama robo tani tu kwa mwaka kwenye mafuta na gesi na makaa ya mawe, Mmarekani anazidi tani 13. Kwa nini semina ije Kayenze isiende Texas? Mvuvi avue kwa taa bubu ili mtu kule awashe eyakondishen nyumba nzima?

#13 Mkerewe halisi
Sungusungu 👏👏 hapo umeupiga mwingi

#14 Mwalimu Kemia
Sikukatalii hata kidogo. Ila angalia, kwa hesabu hiyo hiyo yako mtumbwi mmoja wa karabai unatoa sawa na Watanzania 14. Mvuvi wa Kayenze kumbe wewe ndo Mmarekani wetu.

#15 BodaBuzuruga
Hahahaaa Mmarekani wa Kayenze. Mkuu tupe viza

#16 Mpita Njia
Wanaosema karabai inatoa moshi mweusi wachanganue. Yenye masizi ya kutisha ni koroboi, ile ya utambi wa pamba kwenye kopo. Ile asilimia 7 mpaka 9 ya mafuta inageuka kuwa masizi, waliipima, na masizi yanashika joto la jua vibaya mno kuliko hata hewa ukaa yenyewe. Karabai inapampiwa, mafuta yanageuka mvuke kwanza ndo yanaungua, masizi yake ni kidogo sana. Kwa hiyo karabai dhambi yake ni hewa ukaa na bei, siyo masizi. Bibi yangu Sengerema aliungua macho na koroboi maisha yake yote, hiyo ndo ya kupigiwa semina.

#17 Mzee wa Igombe
Mnaongea bei, nani anakumbuka mafuta ya taa yalivyokuwa rahisi? Bajeti ya 2011 ndo ilitumaliza.

#18 Mkerewe halisi
Mzee umenikumbusha mbali. Yale mambo ya uchakachuaji, wafanyabiashara walikuwa wanachanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa kuwa ya taa yalikuwa na kodi ndogo, malori yanakufa injini. Serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ilingane na dizeli, uchakachuaji ukafa kweli lakini mvuvi na bibi wa koroboi wakabeba mzigo wa mwenye lori. Mimi nasema sola imeingia ziwani kwa sababu ya kodi ile, tabianchi imedandia tu treni njiani.

#19 Jaduong wa Mbita
Wasee wa Mwanza hamjambo. Huku Mbita, Kenya, dagaa tunaita omena. Taa za betri tumezitumia kitambo na omena tunashika, so hiyo story ya kuogopa si kweli. Shida huku ni wezi wa betri na betri feki, unaambiwa ni amp 20 kumbe ni 12. Na sisi wengi tunachaji kwa stima mjini, paneli tumeachia watu wa visiwani.

#20 kokolo_7
Stima ni meli mkuu, huku tunasema umeme

#21 Jaduong wa Mbita
Sawa basi umeme 😂 lakini umeme wetu karibu asilimia 90 ni safi, mvuke wa ardhini wa Olkaria, maji, na ule upepo wa Turkana mitambo 365 megawati 310. Nyinyi mnachaji na gesi.

#22 Fundi Wati
Jaduong usitufanyie hivyo. Hiyo ya gesi ilikuwa zamani, Songosongo na Mtwara zilibeba nchi miaka mingi ni kweli. Sasa bwawa la Nyerere pale Rufiji lina megawati 2,115, mashine tisa za 235 kila moja, ya kwanza iliwashwa 2024. Umeme wa gridi sasa hivi sehemu kubwa ni maji. Halafu Rusumo nayo megawati 80 tunagawana na Rwanda na Burundi, hiyo ipo jirani na sisi huku kanda ya ziwa.

#23 Sungusungu
Megawati 2,115 na bado jana nimelala giza

#24 Fundi Wati
Kuzalisha na kufikisha ni vitu viwili. Ukiwa na tenki la maji juu ya mlima Isamilo na bomba limepasuka Mabatini utaoga? Laini, transfoma, nguzo, huko ndo kwenye ugonjwa. Ndo maana mimi naipenda paneli ya juu ya bati lako mwenyewe, haina nguzo.

#25 Mkerewe halisi
Na bwawa nalo siyo safi kama mnavyodhani, miti na majani yakioza chini ya maji yanatoa methani, kwa miaka 100 methani inashika joto karibu mara 28 ya hewa ukaa kwa uzito ule ule. Nchi za joto ndo inakuwa zaidi.

#26 Mpita Njia
Kwani si wanavuna methani ziwani wanawasha umeme? Si mbaya basi

#27 Mkerewe halisi
Hilo ni ziwa Kivu ndugu, Rwanda, mtambo wa megawati 26 unanyonya gesi kutoka chini kabisa ya maji. Victoria ni ziwa la kina kifupi, wastani mita 40, halina gesi ya namna hiyo. Tusichanganye maziwa.

#28 Mzee wa Igombe
Mmetoka kwenye dagaa. Mimi nawaambia mwenye makosa ni bwawa la Jinja. Waganda walifungulia maji 2004, 2005 ziwa likashuka mpaka mitumbwi tukawa tunaiburuza kwenye tope. Samaki wanazaliana kwenye majani ya kando, ukikausha kando umekausha samaki. Kila nikisikia umeme wa maji ni safi nacheka.

#29 Mwalimu Kemia
Mzee, nusu yako ni kweli. Bwawa lile lipo tangu 1954, na kulikuwa na makubaliano kwamba maji yatoke kulingana na kina cha ziwa, miaka hiyo walitoa kuliko inavyopaswa. Lakini miaka hiyo hiyo kulikuwa na ukame, waliochunguza walisema ukame na bwawa walichangia kama nusu kwa nusu. Ziwa hili linapata karibu asilimia 80 ya maji yake kutoka mvua inayonyesha juu yake lenyewe, mito ni kidogo tu. Na 2020 si likajaa mpaka nyumba za watu za kando zikaingia maji? Mbona bwawa lilikuwepo? Mwaka huo huo kisiwa cha magugu kilichomoka kikaenda kuziba mashine za Jinja, Uganda nzima ikaingia giza.

#30 Mama Dagaa Mwaloni
2020 naikumbuka vizuri, vichanja vyangu vya kuanikia vilielea. Dagaa aliyekuwa juu ya kichanja aliogelea akarudi kwao 😭

Halafu mbona hamuongelei jua la kuanika? Mimi biashara yangu yote inaendeshwa na jua tangu nianze, hamna paneli wala semina. Jua likiwaka siku moja dagaa mkavu, gunia linaenda Kongo. Ikinyesha siku mbili mfululizo wanaoza nawauza kwa wafuga kuku kwa bei ya huruma. Niambieni nyie wataalam hiyo ni nishati jadidifu au siyo? Mbona mimi sijawahi kuitwa semina nikapewa bahasha?

#31 Fundi Wati
Mama wewe ni jadidifu namba moja mkoa huu 😂 Bila utani, wapo wanaotumia vibanda vya nailoni ngumu ya kupitisha jua, vinakausha hata kukiwa na mawingu kidogo na vumbi haliingii. Gharama ndo kikwazo.

#32 chuo_SAUTI_mkimya
Naomba nirudi kwenye taa, nilisoma fizikia kidogo. Kuna kitu hamjakigusa, rangi. Karabai mwanga wake ni wa njano, LED nyingi za bei rahisi ni nyeupe inayoelekea bluu. Kwenye bahari safi bluu inaenda mbali chini, lakini ziwa letu ni kijani, limejaa mwani na uchafu, bluu inanyonywa mapema, inayozama zaidi ni kijani na njano. Kwa hiyo taa inaweza kuonekana kali ukiwa mtumbwini mpaka inakuumiza macho, chini mita chache dagaa haoni kitu. Jaribu kutafuta LED za mwanga wa njano, zipo, hata kwenye maduka ya taa za magari.

#33 Mzee wa Igombe
Huyu kijana amesema nilichosema mimi kwa maneno ya chuo. Karabai ni moto wa njano.

#34 chuo_SAUTI_mkimya
Mzee wewe ulisema sauti ya shhhh 😅

#35 Mzee wa Igombe
Na sauti pia.

#36 Jaduong wa Mbita
Taa zetu ni nyeupe na omena zinakuja, so rangi sidhani. Ama omena za Kenya zimesoma

#37 BodaBuzuruga
Samahani nachomekea. Mwalimu kasema petroli kilo 2.3 kwa lita, mimi kwa siku naunguza lita nne, kumbe natema kilo tisa na ushee? Kuna jamaa anatembeza pikipiki za betri anataka tukopeshwe. Anasema hakuna petroli, hakuna oili. Ila nikamuuliza swali moja tu, nikibeba mama na gunia la mkaa napanda nalo Bugarika itafika? Akasema inategemea. Mimi neno inategemea nikilisikia kwenye mkopo nakimbia.

#38 Mpita Njia
Gunia la mkaa juu ya pikipiki ya betri, hiyo picha naitaka

#39 Mama Dagaa Mwaloni
Mkaa nao umekuwa mzigo jamani. Nikawa napikia gesi, mtungi mdogo unaisha siku kumi na nane, familia watu saba na wanangu wanapenda maharage. Dada yangu wa Buhongwa kanunua presha kuka ya umeme, maharage hayajalowekwa, dakika 50 yameiva, tukaangalia mita kabla na baada, haikufika uniti moja. Mimi kwa jiko la mkaa maharage hayo nachoma mkaa wa elfu moja mia tano.

#40 Fundi Wati
Hapo ndo watu hawaamini. Walio kwenye tarifu ndogo ya uniti 75 kwa mwezi uniti ni shilingi 100, ukiweka kodi 122. Maharage ya mia na ishirini! Ila ukipita uniti 75 ile bei inaruka zaidi ya mara mbili, kwa hiyo upike ukijua. Kinachofanya iwe rahisi ni kwamba ile sufuria imefungwa, ikishachemka inazima yenyewe inabaki na joto lake. Hotpleti ya kawaida itakula uniti tatu kwa maharage hayo hayo.

#41 Sungusungu
Na umeme ukikatika maharage yakiwa katikati?

#42 Mama Dagaa Mwaloni
Jiko la mkaa nimelificha chini ya kitanda, sijalitupa. Mimi siyo mjinga

#43 Mkerewe halisi
Mkaa ni mti uliochomwa mara mbili watu hawajui. Kwenye tanuri za udongo hizi za kienyeji kilo kumi za kuni unapata kilo moja na nusu ya mkaa, mbili ukibahatika. Nyingine yote imekuwa moshi huko porini kabla hujawasha jiko. Ndo maana serikali imeweka lengo la asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Tuone. Ila na gesi ya mtungi ni mafuta ya kisukuku vilevile, inatoka kwenye visima vya mafuta na gesi, isiitwe jadidifu. Ni safi kwa mapafu ya mama, hilo sawa.

#44 Mwalimu Kemia
Sahihi. Ila kama mti umekatwa haukupandwa mwingine, gesi inaweza kuwa na nafuu hata kwa hewa ukaa. Hapo watu hubishana mpaka asubuhi.

#45 kokolo_7
Sisi hapa tuna pumba za mpunga mlima kwa mlima kwenye mashine za kukoboa, zinachomwa bure tu barabarani. Kuna watu wanashindilia wanatengeneza mkaa mbadala. Moto wake mdogo lakini kwa chai unafaa

#46 Mkerewe halisi
Niongeze la visiwani halafu nilale. Ukara tuliwashiwa umeme wa sola wa kijiji, paneli nyingi zimepangwa Bwisya na mabetri yake. Mwanzoni uniti ilikuwa ghali watu wakawa wanawasha taa moja na kuchaji simu. Baadaye ikaagizwa bei iwe kama ya gridi, wananchi tukashangilia, mwekezaji akanuna. Nani alikuwa sahihi sijui, ninachojua mashine ya kusaga iliyokuwa ya dizeli sasa inazunguka kwa umeme, unga hauna tena harufu ya mafuta. Mkileta hesabu zenu za Texas mnikumbuke na ule unga.

#47 Sungusungu
Kwa hiyo hizo kilo 300 kwa mwezi alizopunguza mleta mada nani anamlipa? Vijiji vya wilaya ya Tanganyika kule Katavi vinalipwa fedha za kaboni kwa kutunza msitu, wamejenga madarasa na zahanati. Wavuvi wa Kayenze tukizima karabai zote tunalipwa?

#48 Mwalimu Kemia
Kimahesabu inawezekana, lakini lazima mtu aje apime, athibitishe kwamba mlikuwa mnatumia karabai na bila hiyo fedha msingeziacha. Na mleta mada kasema mwenyewe ameziacha kwa sababu ya bei ya mafuta. Hapo kajinyima mwenyewe.

#49 Sungusungu
Futa komenti yangu ya nyuma moderata

#50 Mvuvi wa Kayenze
Wadau nimerudi, wabeja sana kwa michango. Nilikaa kimya giza limeanza. Nimeazima mita kwa fundi redio. Betri tatu asubuhi zinasoma 11.6, 11.7, 11.4. Moja 12.3. Fundi Wati ulisema chini ya 12 naziua. Nimeziua?

#51 Fundi Wati
Ya 11.4 ipigie dua. Hizo mbili zichaji kwa umeme wa gridi mpaka zijae kabisa, siku mbili usiziguse, zinaweza kurudi kidogo. Ongeza paneli ya pili ya wati 100, waya wa milimita nne, na uweke chaji kontrola siyo kuunga moja kwa moja. Na paneli usiinamishe kama zile picha za Ulaya, sisi tupo nyuzi 2 na nusu tu kusini mwa ikweta, jua linapita utosini, inamisha kidogo tu vumbi na mvua vishuke. Ukipata hela siku moja nunua za lithiamu, hizo unazinyonya karibu mpaka chini hazikasiriki.

#52 Mvuvi wa Kayenze
Sawa fundi. Sasa sikilizeni nilichofanya. Juzi nilichukua karabai mbili upande mmoja na taa mbili za sola upande mwingine, betri nimezijaza kwanza mjini, mtumbwi mmoja, usiku mmoja, nikasema leo tutajua. Kufika saa sita upande wa sola dagaa wanachemka kabisa, karabai nao wapo ila wachache. Vijana wakanyamaza. Saa nane upepo ukatoka nchi kavu, karabai moja ikazimika, tukawa tunahangaika kuiwasha, taa zote zikakokotwa na maji zikasogeleana, tukazungusha nyavu kwenye zote kwa pamoja. Ndoo 22.

#53 Mzee wa Igombe
Hao wa upande wa sola walikuwa wanakuja kwenye karabai wakakutana na taa yako njiani.

#54 Fundi Wati
Mzeeeee 🤣

#55 Jaduong wa Mbita
22 si mbaya

#56 chuo_SAUTI_mkimya
Jaribio lingekuwa zuri kama zingekaa mbali zaidi na usirudie usiku mmoja tu, angalau usiku kumi, na ubadilishane pande kwa sababu ya upepo

#57 Mvuvi wa Kayenze
Mdogo wangu usiku kumi nani atalipa petroli? Njoo na chuo chako.

#58 Mama Dagaa Mwaloni
Hizo ndoo 22 uliuza wapi mbona mwaloni sikukuona

#59 Mvuvi wa Kayenze
Mama usianze 😂

#60 kokolo_7
Mkuu zile karabai mbili nyingine ambazo hukutumia bado zipo? Shemeji yangu Igombe anatafuta, unaziachia kwa bei gani

#61 Mvuvi wa Kayenze
Zipo, nimezifunga kwenye gunia juu ya dari. Siuzi kwanza mpaka giza lijalo lipite.